Karatasi Saba za Kasi ya Kutorudi

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa karatasi saba nilizozichana. Nakuita mwanangu ingawa mimi mwenyewe bado kijana. Aliyetangulia kujikwaa ana ruhusa ya kuonya.

Nilikuwa nauza nyavu dukani kwa Babu Jayanti, Kirumba, huku nikijisomea fizikia bila mwalimu ili nifanye mtihani wa kidato cha sita. Kesho yake ilikuwa zamu yangu kuwafundisha wenzangu tuliokuwa tukikutana Pasiansi kujisomea: kitu kirushwe kwa kasi gani kutoka ardhini, kisirudi tena? Niliapa kwamba nikikosea mbele yao, naacha masomo.

Kanuni niliijua: nishati haipotei, hubadilika tu. Jiwe likirushwa juu hupungua mwendo kwa sababu dunia inalivuta. Ili lisirudi, nishati ya mwendo wake, ½mv², lazima itoshe kuushinda mvuto wote, GMm/r (M ni tungamo la dunia, r umbali kutoka kiini chake), hata lifike mbali kusiko na mwisho. Nikazilinganisha. Kila mara ile m, tungamo la jiwe, ikatoweka. Jiwe na meli vihitaji kasi moja? Haiwezekani! Nikachana. Maana nilikuwa na ugonjwa, nakiri: ukurasa wenye kosa sikutaka uonwe na mtu.

Babu, aliyewahi kufundisha fizikia kabla ya kurithi duka, akaingia na kuokota vipande.

"Shikamoo Babu. Ni makosa tu hayo."

"Marahaba. Makosa?" Akaviunganisha juu ya meza, akaanza kucheka. "Binti, m iko pande zote mbili, lazima iondoke! Dagaa na sangara, kasi ni ileile, kama kilometa kumi na moja kwa sekunde. Mkubwa anahitaji nishati zaidi, si kasi zaidi. Umechana majibu sahihi mara saba! Ungenionyesha la kwanza, saa hizi tunakunywa chai." Kisha akaacha kucheka. "Mficha uchi hazai."

Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa yalikuwa kweli.

Kesho yake nikasimama ubaoni. Nikaandika v = 2GM/r. Jamaa mmoja wa Magu akapaza sauti: "Dada, kipeuo cha pili umekisahau Kirumba?" Wakacheka wote. Nikacheka pia, nikakiandika, nikaendelea. Nilikosea mbele yao, na masomo sikuacha.

Namshukuru Babu hadi leo, na yule wa Magu pia. Basi, mwanangu, unayejifundisha peke yako, usiwe mtahini wako peke yako. Kazi yako ionyeshe ingali mbichi, kwa anayejua na kwa anayekutania. Usiichane kabla hajaiona mwingine.

Mungu akupe watu wa kukusahihisha bila kukudharau, na moyo wa kuwaambia asante.