Tiketi ya Bure kwa Dizeli ya Watu

Tiketi ya bure ya mama yangu ilinigharimu shilingi laki tatu na elfu arobaini na sita. Nimehesabu mara mbili. Wiki ileile, ukiinunua kama watu wengine wanavyonunua, ilikuwa laki mbili na sitini.

Mama ni mtu wa Kilolo, ila tangu mgongo ulipomkatalia anakaa kwangu Mbeya. Alikuwa amepangiwa tarehe ya kuonana na daktari wa mgongo Dar es Salaam. Kwa basi ni kutwa nzima na nyongeza, na yeye kukaa kitini nusu saa ni kazi ya kulipwa. "Nitasimama tu," alisema, kama vile basi ni ibada ya Jumapili. Nikaapa atapanda ndege. Pesa ya ndege nilikuwa nayo, sema ilikuwa imelala Mafinga katika umbo la mbao. Ndiyo biashara yangu: nanunua kwa wapasuaji kule, nawauzia mafundi seremala Mbeya.

Ndipo nikasikia habari za kadi za mkopo zenye zawadi. Nikaenda benki mbili, nikarudi na karatasi mbili, nikazitandaza mezani. Kadi ya kwanza, ada elfu arobaini kwa mwaka, na kila ukitumia shilingi mia wanakurudishia moja. Ya pili, ada elfu themanini na tano, na kila elfu moja inazaa pointi moja. Zikifika elfu sita, unapata tiketi ya ndege ya kwenda Dar. Nikazigeuza nyuma zote mbili kama ninavyogeuza ubao, maana fundo halikai upande unaoonyeshwa. Nyuma ya ile ya pili, kwa herufi za sisimizi: kodi na tozo za tiketi ni juu yako.

Nikamrudia binti wa benki.

"Hii themanini na tano, mwisho wake?"

"Mama, ada haipungui."

"Sabini, nachukua leo."

"Mama, hii ni benki."

"Najua. Ndiyo maana sikuanzia hamsini."

Alicheka mpaka mwenzake akageuka. Hakupunguza hata mia, nami nikaichukua hivyohivyo.

Nyumbani mama alitaka kuelewa. "Yaani wanakulipa kwa kutumia pesa yao? Hao watu wana akili timamu?"

"Wanazo sana, mama."

"Basi wa kuangaliwa ni wewe."

Tatizo ni kwamba wapasuaji wa Mafinga hawana mashine ya kadi. Wanataka taslimu au pesa ya simu. Ukiwaonyesha kadi wanakuuliza kama ni ya bima. Na pointi elfu sita maana yake utumie milioni sita. Nilizipata Igawa, njiani kati ya Mafinga na Mbeya. Pale sheli malori ya mbao hujaza dizeli, na madereva wananijua. Kila nilipopita nilishuka, nikapatana nao: wewe jaza, mimi nachanja kadi, unanipa taslimu yako papo hapo. Dereva hapotezi kitu, mimi naokota pointi. Laki na nusu kila lori, kwa hiyo malori arobaini.

"Mama mbao, siku hizi umekuwa pampu?" walinitania.

Kosa langu ni kwamba zile taslimu nazo nilizipeleka Mafinga zikawa mbao. Kwetu sisi wa mbao, tarehe ya kulipa ni kama salamu. Mpasuaji akikuambia mwisho wa mwezi, unampigia mapema, unamuulizia watoto, unamwambia mzigo bado haujatoka, naye anakupa wiki. Tarehe ya kulipa deni la kadi ilipopita, nikaipigia benki kwa adabu ileile, nikauliza mpaka habari za nyumbani. Kijana wa watu akanijibu vizuri sana, kisha akasema mfumo umeshahesabu. Riba na faini, elfu sitini na tatu. Mfumo hauna watoto wa kuulizia.

Siku nne kabla ya tarehe ya daktari nilikuwa na pointi elfu tano mia nane na hamsini. Limebaki lori moja. Lililoingia lilikuwa la dereva mmoja mpole wa Iringa, uso umemshuka. Matairi mawili yalikuwa yamempasukia njiani, pesa yote imeishia huko, na mke wake yuko wodini anasubiri kujifungua.

"Mama mbao, nichanjie. Nikifika nakutumia."

Siku nyingine ningemwambia neno "nikifika" halijazi tanki. Siku ile nilikubali kabla hajamaliza. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea baraka, na mimi macho yangu yako kwenye mashine, naisubiri risiti.

Mama akapanda ndege, baada ya mimi kulipa kodi na tozo, elfu arobaini na nane. Mdogo wangu wa Dar alimpokea, na tiketi ya kurudi aliilipa kwa simu, bila pointi, dakika mbili. Mama anasema ndege ni nzuri ila chai yao ni ya kuonjesha. Daktari alimpa mkanda na mazoezi. Juzi nimemkuta jikoni amesimama, anasonga ugali mwenyewe na kunikosoa moto.

Mke wa dereva alijifungua kwa upasuaji. Laki na nusu haijaja; imekuja picha ya mtoto. Nilimpigia dereva mara moja tu, akaanza na salamu ya Kihehe.

"Kamwene, mama mbao! Sijasahau. Ila na wewe siku ile ulikuwa na haraka kunizidi."

Alisema huku anacheka, bila ubaya. Na ni kweli.

Akilipa, ile tiketi inakuwa laki moja na tisini na sita, na nimeishinda benki kwa elfu sitini na nne. Asipolipa, imenishinda kwa themanini na sita. Lakini mama yangu aliruka kwa dizeli ya mtu huyu, na hospitali bado inamdai. Nyinyi mliowahi kudai watu wema, nishaurini: nimdai yote, nusu, au nisubiri mtoto aanze kukaa? Na nikipiga simu, nikishamaliza kumuulizia mtoto, naanzia wapi?