Nesi Aliyeniuliza Nimekunywa Nini

Usiniambie nilikuwa naota. Nilikuwa macho, nimeshanawa uso, na nina njaa ya kukasirisha. Jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, asubuhi kweupe, kwenye wodi ya wanaume ya hospitali moja Iringa. Nusu yake mke wangu ni shahidi. Nusu iliyobaki itabidi uniamini.

Mimi ni mtu wa nyanya. Nanunua mashambani, nauza Ilula barabarani, na kwa miaka mingi nimebeba matenga kana kwamba mgongo niliazima kwa mtu. Nikapata ngiri ya kitovu. Niliificha kwa mashati makubwa mpaka ilipoanza kunibana vibaya, ndipo mke wangu akanipeleka kwa nguvu. Daktari akasema nitapasuliwa kesho yake saa tatu asubuhi, na nitapewa dawa ya usingizi nilale kabisa.

Jioni akaja nesi wa zamu, binti mpole mwenye wagonjwa wengi. Akaniambia, "Baba, kuanzia saa sita usiku usile kitu chochote mpaka tukuingize tieta, kule kwenye chumba cha upasuaji."

"Sawa, sista."

Akaandika, akaenda kitanda kingine. Unaona tatizo liko wapi? Mimi sikuliona. Sisi tukiambiwa jambo na mtu wa hospitali tunasema sawa, hata kama tumeelewa nusu, maana kumuuliza tena tunaona ni kama kumkosea adabu.

Na kweli sikula. Saa kumi na mbili asubuhi, ndugu waliporuhusiwa kuingia, Mama Neema, mke wangu, alikuja na chupa ya chai iliyojaa togwa ya moto. Akanimiminia kikombe, akatoka kwenda kuosha vyombo vya jana. Sasa nikuulize, togwa inaliwa? Kwetu inanywewa. Mtu anaweza kumaliza vikombe vitatu, ukimuuliza kama amekula, akakuapia kwamba hajala tangu jana. Kwa hiyo nilikuwa namtii yule binti kwa moyo mweupe kabisa.

Kikombe kilikuwa kimefika mdomoni, mkono wa mtu ukakishika kwa juu.

Alikuwa mama mtu mzima, amevaa gauni jeupe na ile kofia ngumu ya manesi wa zamani, saa ndogo imebandikwa kifuani. Sikumsikia akija, na sakafu ya wodi ile inapiga kelele kwa kila kiatu. Kikombe kilichokuwa kinatoa mvuke kikawa cha baridi mkononi mwangu.

"Kamwene, baba," akanisalimia Kihehe. "Umekunywa nini tangu jana?"

Hakuniuliza nimekula nini. Lishike hilo. Nikamwambia nilikunywa maji jana jioni, na togwa ndiyo nilitaka kuianza. Akakaa ukingoni mwa kitanda, na godoro halikubonyea, nakuambia ukweli. Akanieleza taratibu kwamba togwa ni unga na kimea, na ikifika tumboni ni chakula tu. Akasema dawa ya usingizi inalegeza mpaka koo, kwa hiyo kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na aliyelala hana uwezo wa kukikohoa. Akanionyesha pia namna ya kukohoa baada ya upasuaji, nikiwa nimekumbatia mto tumboni ili mshono usivutwe, akanikataza kunyanyua tenga lolote mpaka daktari aniruhusu.

"Haya, niambie wewe. Nimesema nini?"

"Sawa, sista."

"Sawa siyo jibu." Akanirudisha mwanzo. Mara ya tatu ndipo nilipoyasema yote kwa maneno yangu, akatabasamu.

Nikamuuliza kwa nini anahangaika na mimi hivi. Akakipapasa kitanda changu. "Hapa alilala baba mmoja. Nilimwambia usile, akanijibu sawa. Hakula. Alikunywa. Hakuamka."

Niliinamisha macho kwa huruma. Nilipoyainua hakuwepo. Kitanda cha jirani alilala mfugaji mmoja kutoka Usangu, naye alikuwa amevuta blanketi mpaka kidevuni, ananikodolea macho.

"Mwenzangu," akasema, "mbona unaongea na kikombe?"

Nilimwita binti wa zamu nikamwonyesha ile togwa. Uso ulimbadilika. Akaniomba radhi, akasema alipaswa kutaja na kunywa. Nikawasimulia yaliyotokea, yeye na nesi mkuu wa wodi, mama aliyekaribia kustaafu. Nesi mkuu hakucheka. Aliniuliza jambo moja tu.

"Alikurudisha mara ngapi?"

"Mara tatu."

Akavua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema huyo ndiye aliyemfundisha kazi, na walimzika zamani, wakati yeye nesi mkuu alikuwa bado mwanafunzi.

Upasuaji ulikwenda salama. Nilikohoa nimekumbatia mto kama nilivyofundishwa, na mshono ulishika vizuri. Lakini vidole viwili vya mkono wangu ulioshika kile kikombe havijapata joto mpaka leo, hata jua likiwa kali. Sivilalamikii. Kila nikivigusa namshukuru Mungu na namshukuru yule mama, maana nimemwona mjukuu wangu wa kwanza.

Juzi Neema, binti yangu, alilazwa Mbeya kusubiri upasuaji. Nilimpigia simu, nikaanza somo langu la togwa. Akanikatiza akicheka. "Baba, nesi ameshaniuliza na ya kunywa, akanifanya nirudie mwenyewe mpaka nikachoka."

Nikamuuliza huyo nesi yukoje. Akasema ni dada wa kawaida tu, kijana, anatafuna bigijii. Nilikaa chini palepale barabarani, nikalia kwa furaha mbele ya wateja.

Kwa hiyo wewe unayesubiri kupasuliwa, uliza na kuhusu kunywa, hata kama wanakuona msumbufu. Na wewe nesi, mgonjwa akikujibu sawa, usiondoke kwanza. Mfanye arudie. Yule mama amefanya kazi vya kutosha, mwacheni apumzike.