Baba Anamtaka Binti Yangu Jukwaani

Admin, nisitiri jina, maana hapa Morogoro mjini wengi wananijua kwa magongo yangu. Nina miaka sitini na moja, polio ilinipata nikiwa mdogo. Nilikuwa nashona kiwandani. Miaka ile ya tisini viwanda vilipouzwa, tajiri mpya alitupunguza sisi walemavu kabla ya mtu mwingine yeyote. Tukaanzisha chama chetu cha walemavu mtaani Mwembesongo, nikawa napita nyumba kwa nyumba kutafuta watoto waliofichwa ndani ili wapelekwe shule.

Mume wangu alikuwa mzima wa viungo, na mikutanoni ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Akisimama kusema mlemavu naye ni mtu, kina mama wanalia. Nilijiona nimebahatika.

Siku moja nikapanda milima ya Uluguru kwa wakwe bila kutoa taarifa. Wote walikuwa shambani kwenye kabichi. Nikasikia mtu anaguna bandani kwa mbuzi, nikafungua. Kulikuwa na mtoto wa kike amefungwa kiunoni kwa kamba ya mkonge, amelalia mkojo wake, mikono imepinda. Mama mkwe aliporudi nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Alisema tu kwamba ni wa mwanawe, alimzaa kabla ya kunioa, mama yake alikimbia, na mwanawe ndiye aliyeagiza mimi nisijue.

Nilimwomba mama mmoja aliyekuwa anashusha mboga anibebee mtoto hadi mjini. Mume wangu alipotuona mlangoni wala hakupandisha sauti.

"Wewe nilikuvumilia kwa sababu unaongea," aliniambia. "Hicho kirudishe ulikokitoa."

Sikumrudisha. Akahama, akawatangazia wanachama kuwa nimeiba mtoto wa watu, na wengi wakamwamini kwa ule ulimi wake. Nikamlea yule mtoto, Pendo, peke yangu. Anaongea kwa taabu lakini anaelewa kila kitu, naye anamfahamu baba yake kwa sura. Tuliwahi kukutana naye karibu na stendi ya Msamvu, Pendo akamnyooshea mkono, baba akavuka barabara kutukwepa.

Sasa mzee huyo anagombea udiwani. Wiki iliyopita alikuja kwangu na gauni jipya, akapiga magoti mbele ya Pendo, akamwita mwanangu. Tangu azaliwe, Pendo alikuwa hajawahi kuitwa hivyo na baba yake. Alilia kwa furaha mpaka akashindwa kula.

Nikamsindikiza getini. Akaniambia, "Siku ya mkutano nampandisha jukwaani, watu waone nilivyomlea. Tukimaliza urudi naye, kwangu mimi sina pa kumweka."

Pendo ameshawaambia majirani wote kwamba baba amemkubali. Nikimweleza ukweli, nitakuwa nimemnyang'anya baba mimi mwenyewe. Nikinyamaza, atashushwa jukwaani aachwe pale pale na gauni lake. Kila akiamka ananiuliza kama siku ya mkutano ni leo. Ndugu zangu mnaosoma hapa, kesho akiniuliza tena, nimjibu nini?