Shoga wa Kwenye Tamthilia

Dada fundi cherehani wa pale Msalato huisikiliza tu tamthilia ya kigeni kwenye runinga, anashona bila kuinua macho. Lakini wale mabinti wawili wanaopendana wakitokea, mguu wake huacha kukanyaga. Nao hawakai kwenye runinga. Wakishikana mikono tu, picha imeshahamia kwenye ugomvi wa matajiri, naye anakanyaga tena. Jana, nikisubiri suruali yangu, mtafsiri wa tamthilia alisema juu ya mmoja wao, "Huyu ni shoga yake." Mama mmoja mteja akacheka: "Mh! Shoga gani anaangaliwa hivyo?" Fundi hakucheka. Alinyoosha kitenge kilichofunika cherehani ya pili, ya shoga yake aliyeenda kuolewa kijijini Busi. Kisha akaniuliza taratibu, "Babu, kesho watawaonyesha tena?" Nikamwambia watawaonyesha. Suruali yangu ilikuwa tayari, ila nikaendelea kukaa.