Labeka Kwenye Simu

Mkitaka kucheka, chekeni sasa tuyamalize. Hata mume wangu alicheka, mpaka aliposikia kwa masikio yake. Haya yamenifika mimi mwenyewe, hapa hapa Wiyoni, Lamu, mchana kweupe baada ya sala ya alasiri, nikiwa na akili zangu timamu.

Mama yangu alikuwa kitandani, na tulijua hainuki tena. Kilichomtesa zaidi ya ugonjwa ni ndugu yangu Bakari, aliyeko Maskati. Bakari aliuza mlango wa nakshi wa nyumba ya babu kwa mgeni bila kumwambia mtu, na siku alipofunga safari Mama alimkataza hata kuja kumzika, akamwambia, "Usiye mazikoni kwangu." Sasa alitaka kulirudisha neno lile na kumpa mwanawe radhi kabla hajakata roho. Niambieni, mtu ataishije bila radhi ya mamake?

Tatizo lilikuwa simu. Huko aliko Bakari simu za intaneti hazikamati, kwa hiyo tulipiga za kawaida, na Mama ni mtu wa Amu wa zamani. Haingii kwenye maneno kabla salamu hazijakamilika. Atauliza hali yake, ya mkewe, ya watoto, mpaka ya jirani wa Bakari asiyemjua hata sura. Akifika kwa jirani, salio limekwisha na simu imekatika. Mara tatu siku ile! Nikamwambia, "Mama, anza na radhi." Akaniangalia kama niliyemtukana.

"Nianze bila kumuuliza hali? Kwani yeye ni mnyama?"

Nikapandwa na hasira, nikapiga huduma kwa wateja niulize kwa nini simu za nje zinameza salio namna ile, na kama kuna bei nafuu. Bonyeza moja, bonyeza nne, subiri. Muziki ukapigwa weee. Ghafla ukanyamaza, na mwanamke akaniita jina langu la utotoni.

Jina hilo silitaji hapa, mtanisamehe. Aliyekuwa akiniita hivyo ni nyanya yangu peke yake, na amekufa siku nyingi. Nami nikaitika, "Labeka!"

Hapo ndipo nilipokosea. Sisi tumelelewa hivi: ukiitwa na usiyemwona, usiitike mpaka wito wa tatu, maana jini hawezi kuita mara tatu. Kila mtoto wa Lamu analijua hilo. Lakini nani hukumbuka majini akiwa ametoka kubonyeza nne?

Nikamuuliza bei ya kupiga Maskati. Akasema taratibu, kwa Kiamu safi kuliko changu, "Usipije tena, mwanangu. Mpe mamako simu anene. Ndia i wazi."

Nilifurahi, wallahi, kusikia njia iko wazi. Nikasema kumbe siku hizi wanaajiri watu wetu. Nikamwekea Mama simu sikioni, na sauti ya Bakari nikaisikia mwenyewe ikiitikia salamu. Mama akauliza hali zote, mpaka ya jirani. Kisha akalia, akasema, "Lile neno nimelirudisha. Nimekuwia radhi, mwanangu, duniani na akhera."

Sauti ikajibu, "Nimepokea."

Walizungumza mpaka magharibi ikaadhiniwa, ndipo simu ilipokatika. Salio nililokuwa nimeongeza halikupungua hata senti.

Mama alifariki alfajiri, uso wake umetulia. Nikampigia Bakari kumpa habari. Alilia sana, kisha akauliza: "Mbona yana hamkupija tena? Nimekaa na simu mkononi hata nikalala."

Nikaangalia simu yangu. Ile ya jana ya huduma kwa wateja ilionyesha dakika moja tu.

Basi radhi ya mama yangu imechukuliwa na nani? Sheikh wetu anasema Mungu anamjua aliyekusudiwa, na nia ya Mama imemfika mwanawe. Mimi najitahidi kuamini. Bakari haamini. Hajaja hata kuliona kaburi, anasema lile neno bado liko shingoni mwake.

Nami situlii. Kila Alhamisi baada ya alasiri simu hulia bila namba. Naipokea, kwa kuwa simu za Bakari nazo mara nyingine huja bila namba. Naitwa jina lile mara moja, halafu mara ya pili, halafu kimya. Nauma ulimi. Nimebadilisha laini, nimebadilisha simu yenyewe, wapi!

Alhamisi iliyopita mume wangu alikuwa karibu, akasikia, na hacheki tena. Safari hii haikuwa sauti ya yule mwanamke. Ilikuwa ya Mama. Iliniita, ikaniuliza hali yangu, na ya watoto, na ya jirani, ikaniita tena. Nililia, lakini sikuitika.

Nawe unayenisikiliza, usione ni upuuzi. Ukiitwa kwenye simu kabla hujajitaja jina, funga mdomo ungoje wito wa tatu. Ungoje hata akiwa ni mamako.