Mama Ryan na Mashua ya Wanafunzi

Ukifika kwenye karakana za mtaa wa Umoja zilizopakana na barabara ya Outer Ring na kuuliza fundi wa faiba, watu watakuonyesha kwa kidevu banda lenye mlango wa bluu. Humo ndimo anamofanyia kazi Asenath Nabalayo, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Ryan. Bampa za matatu, matangi ya maji, mabeseni ya saluni, hata sanamu ya mamba iliyowahi kusimama mbele ya hoteli moja huko Kayole, vyote vimepita mikononi mwake. Ana miaka hamsini na mmoja, mikono yake ina makovu madogo ya resini, ile gundi ya kugandisha faiba, na akikohoa hukohoa kwa aibu, kana kwamba amemkatiza mtu.

Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mumewe, Wekulo. Wekulo alipougua, yeye ndiye aliyekuwa akimchanganyia resini na kumkatia vitambaa vya faiba, na mumewe alipofariki, mwanao Ryan akiwa darasa la tatu, aliona hana sababu ya kufunga banda. Mwaka wa kwanza wateja walisimama mlangoni wakachungulia ndani, wakamuuliza fundi ameenda wapi. "Unamwangalia," alijibu, akaendelea kupaka. Ryan sasa ni mwalimu huko Eldoret, na wateja hawaulizi tena.

Mwezi wa Februari mwaka jana walimjia wageni wawili ambao hawakufanana na wateja wake. Mmoja alikuwa msichana mrefu mwenye hijabu ya kijivu, amekumbatia bomba la karatasi. Mwenzake alikuwa kijana wa miwani aliyezungumza kama mtu anayefukuzwa.

"Habari yako, mama. Mimi naitwa Sagal, na huyu ni Muturi," msichana alisema. "Sisi ni wanafunzi wa usanifu wa meli."

"Wa meli?" Asenath aliangalia vumbi la Outer Ring. "Hapa Nairobi?"

"Kila mtu anatuuliza hivyo," Sagal alisema, akacheka.

Walimweleza. Kulikuwa na chama cha wataalamu wa kuchora na kujenga vyombo vya majini, na chama hicho kilikuwa na matawi ya wanafunzi vyuoni. Muturi alikuwa mwenyekiti wa tawi lao. Sagal alikuwa katibu, na ndiye aliyeandika habari za tawi katika jarida la chama linalotoka kila miezi mitatu. Kila mwaka chama kiliwashindanisha wanafunzi. Safari hii waliambiwa wasanifu boti ya kuvusha watoto wa shule mahali penye mafuriko, kisha watengeneze mfano wake wa urefu wa mita mbili. Majaji wangeuweka majini, wangeupakia mifuko ya mchanga, wangeisogeza mifuko yote upande mmoja, halafu wangepima umelala kiasi gani, na mwisho wangeuvuta kwa kamba kupima kasi yake.

"Kila mwaka tunachora tu. Wengine wanaleta boti, sisi tunaleta karatasi," Muturi alisema. "Mathe, tumeambiwa wewe ndiye unaweza."

Asenath hakuwahi kupanda chombo chochote cha majini. Alizaliwa Bungoma, akaletwa Majengo akiwa mdogo, akaolewa Umoja, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya mto uliofurika. Lakini alipoutoa mchoro kwenye lile bomba na kuukunjua juu ya meza, akaona jinsi mistari ilivyoteremka kutoka mbele hadi nyuma bila kona hata moja, aliifuata kwa kidole hadi mwisho. Mara ya mwisho kuona kitu kilichochorwa kwa upole namna hiyo hakuikumbuka.

"Nileteeni kalibu," alisema.

Wakaileta, kalibu ya mbao ya kulazia faiba, iliyopigwa msasa hadi ikawa laini kama bakuli, na kila Jumamosi wakawa wanakuja bandani na wenzao wanne wa tawi. Asenath aliwafundisha kuloweka kitambaa cha faiba bila kuacha mapovu, na kuisikia resini ikianza kupata joto kabla haijakauka. Nao walimfundisha maneno yao. Alikipenda hasa kitovu cha uzito, ile nukta ambapo uzito wote wa kitu hukutana. Alianza kukitafuta katika kila kitu: kwenye sufuria, kwenye mkokoteni wa viazi, kwenye mama mmoja wa kanisani aliyekuwa mjamzito. Saa sita aliwamiminia uji wa chupa na kuwalazimisha wanywe. Mfungo wa Ramadhani ulipoanza, Sagal akija anakuta hakuna kikombe hata kimoja mezani. Asenath alikuwa amewaambia wote, "Huyu akifunga, kwenye banda langu tumefunga."

Kitu kimoja tu kilimkosesha raha. Mchoro ulitaka matabaka mawili ya faiba kila mahali, basi. Kwa macho yake huo ulikuwa wembamba wa kuhuzunisha. Tena upande wa kushoto, mahali watoto wangeingilia, palichorwa mwanya wa mlango. Asenath alikuwa ametengeneza matatu nyingi mno zilizopasuka palepale penye mlango. Akamuuliza Muturi, naye Muturi akamwambia hesabu ziko sawa. Siku ya Jumatano, akiwa peke yake, alikata kitambaa kingine na kukilaza upande wote wa kushoto. Hakumwambia mtu. Kwake haukuwa udanganyifu. Ilikuwa ni kama mama anayeongeza sweta kwenye begi la mtoto.

Boti ilitoka kwenye kalibu ikiwa safi kabisa. Ikabaki kuijaribu, na maji hawakuwa nayo. Hapo Asenath akaenda kumwona Mchungaji Ndete wa kanisa lake, lenye kisima cha ubatizo cha saruji mbele kabisa, chini ya mimbari.

"Mama Ryan, hayo ni maji ya kubatizia watu," mchungaji alisema.

"Wa kubatizwa wanakuja mwezi ujao, Mchungaji. Saa hii yamekaa tu."

Mchungaji alifikiri, akatoa ufunguo, kisha akaja mwenyewe kutazama. Sagal aliuliza kwa adabu kama aingie au abaki nje. Mchungaji akamwekea kiti safu ya kwanza. Waliishusha boti taratibu, wakaiachilia.

Ikalala upande wa kushoto.

Haikuzama. Iliinama tu, kama mtu anayesikiliza kitu kwa sikio moja. Muturi aliinyoosha kwa mkono, akaiachilia, nayo ikarudi kuinama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ni hesabu zangu," alisema. "Nilijua ilikuwa nzito kuliko nilivyoandika. Nilidhani ni resini tu imezidi."

Asenath alifungua mdomo. Miaka yote hiyo hakuna kazi yake iliyowahi kurudishwa. Mbele yake alisimama mchungaji, walisimama wanafunzi sita, na boti ilikuwa inainama. Akafunga mdomo.

Siku tatu zilizofuata hakula vizuri. Owuor, mchomeaji wa banda la jirani, alimuuliza kama anaumwa. Siku ya nne alimpigia Sagal simu kujua wamefikia wapi. Sagal akamwambia Muturi amerudia hesabu zote mara mbili bila kupata kosa, kwamba haendi darasani, na kwamba yeye Sagal, kama katibu, anaandika barua ya kulitoa tawi lao katika shindano.

"Uko wapi sasa hivi?" Asenath aliuliza.

"Sokoni Muthurwa, dukani kwa mama."

"Usiitume. Nakuja."

Alimkuta kati ya marobota ya vitambaa, mama yake, Qamar, akimpimia mteja shela. Qamar alipomwona mgeni alimpa kiti na chai ya viungo, akamuuliza hali ya nyumbani. Asenath aliishika ile chai bila kuinywa.

"Hesabu za Muturi hazina makosa," alisema. "Niliongeza tabaka. Upande wa mlango. Niliona faiba ni nyembamba, nikaogopa itapasuka, nikaongeza bila kuwaambia. Na pale kanisani nilijua, nikanyamaza."

Sagal alimwangalia. Hakupandisha sauti, na hilo lilimuuma Asenath kuliko kelele.

"Muturi amekaa siku nne akijiita mjinga," alisema.

"Najua. Nitamwambia mwenyewe."

"Mama Ryan, si ungesema tu?"

"Niliona haya, mwanangu."

Qamar, ambaye alikuwa amesikia yote huku akikunja kitambaa, alisema polepole, "Kunywa chai kwanza. Mtu hawezi kuona haya vizuri akiwa na njaa." Sagal akacheka bila kutaka, akajifuta macho kwa ncha ya hijabu, akampigia Muturi.

Muturi alifika akihema. Alipoelezwa, jambo la kwanza alilofanya ni kukaa chini juu ya robota na kusema, "Kumbe mimi si fala!" Alisema kwa furaha tupu, hadi wateja wakageuka. Hasira zilimjia baadaye kidogo, zikapita. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza Asenath: "Lakini kwa nini uliogopa itapasuka? Umeona nini?"

Asenath akamweleza habari za milango ya matatu. Alimchorea kwa chaki ya kushonea, kwenye gamba la boksi, jinsi ufa unavyoanzia kwenye kona ya mwanya na kupanda. Muturi alilivuta lile boksi karibu.

"Hilo sikulifikiria," alisema. "Nilipima tu kama itaelea. Tukiweka mbavu mbili nyembamba za kuimarisha, moja kila upande, uzito uleule?"

"Hapo sasa tunaongea," Asenath alisema.

Zilibaki siku tisa kabla ya shindano. Muturi alitaka wasugue lile tabaka la ziada na kuliondoa, lakini Asenath alikataa, maana faiba ikisuguliwa nyuzi zake hukatika na kazi inakuwa ya uongo. Akatengeneza boti nyingine kuanzia mwanzo. Safari hii aliazima mizani ya muuza nyama wa jirani, akaiosha mara tatu, na kila kitambaa na kila mkebe wa resini ulipimwa kabla haujaingia kazini. Sagal alikaa kando kwenye kibao akiandika kila gramu. Mbavu mbili zilipowekwa, tofauti ya pande hizo mbili ilikuwa chini ya uzito wa yai. Kisimani kwa Mchungaji Ndete boti ilikaa wima, maji yamefika sawasawa pande zote mbili, na mchungaji akapiga makofi kabla ya mtu yeyote.

Shindano lilifanyika kwenye bwawa la kuogelea la chuo kimoja. Zilikuja timu sita. Asenath alivaa nguo yake ya Jumapili na viatu vilivyombana, akasimama nyuma kabisa. Boti yao ilipopakiwa mifuko yote upande mmoja ililala kidogo, ikatulia, ikagoma kulala zaidi. Boti ya timu nyingine ilikuwa na kasi zaidi kuliko yao, kwa hiyo wakawa wa pili. Muturi aliruka kana kwamba wameshinda yote.

Baada ya matokeo, jaji mkuu, mhandisi mmoja mzee aitwaye Mwanzia, aliipindua boti yao chini juu na kupitisha vidole ndani.

"Hii haikuundwa na mwanafunzi," alisema. Timu nzima ikashikwa na hofu.

"Sheria inaruhusu fundi wa nje, bwana," Sagal alisema haraka.

"Naijua sheria, niliiandika mimi. Ninauliza yuko wapi."

Wakamvuta Asenath mbele na viatu vyake. Mzee alimuuliza kuhusu zile mbavu, naye akaeleza, mwanzoni kwa kunong'ona, kisha kwa mikono yote miwili. Alieleza hata la tabaka la ziada, bila kuulizwa. Mhandisi Mwanzia alisikiliza, akamwambia kwamba ujanani, kwenye karakana ya meli, alitoboa tundu mahali pasipostahili na akakaa nalo moyoni mwezi mzima. Wakacheka wote wawili kama watu waliosoma darasa moja.

Wiki iliyofuata Sagal alikuja bandani na daftari lake.

"Naandika habari ya tawi kwa jarida," alisema. "Sijui kama niandike lile la boti kulala."

Asenath aliendelea kukoroga resini.

"Andika," alisema. "Mwingine atasoma, naye aulize kabla ya kuongeza. Lakini jina langu uliandike vizuri. Asenath, na h mwishoni."

Habari hiyo ilichukua nusu ukurasa. Sagal aliileta ikiwa imetolewa fotokopi kumi, na kufikia Ijumaa Asenath hakuwa na hata moja. Moja alimtumia Ryan, moja Owuor aliibandika kwenye banda lake, na Jumapili Mchungaji Ndete aliisoma kanisani pamoja na matangazo, akijikwaa kwenye maneno ya uhandisi na kukitaja kisima chake mara mbili zaidi ya kilivyotajwa kwenye karatasi.

Tangu hapo kila Jumamosi ya pili ya mwezi wanafunzi wa tawi huja kujifunza faiba kwa Mama Ryan. Na mwezi wa Agosti, tawi lilipofunga safari ya Kisumu kutazama meli inayojengwa, walimtengea kiti cha mbele kwenye basi. Walipofika, wengine walipiga picha. Asenath aliomba kofia ya chuma, akaingia chini ya ule mwili mkubwa wa chuma, akaupapasa kwa kiganja, kisha akamkamata mchomeaji mmoja na kuanza maswali.

Saa nane basi lilipiga honi. Saa nane na nusu likapiga tena. Sagal alitumwa akamtafute, akamkuta amechutama kando ya mchomeaji, wanachora kwa kijiti kwenye mchanga.

"Mama Ryan, wote wamepanda. Tunakungoja wewe."

Asenath hakuinua kichwa. "Waambie wanywe soda, mwanangu," alisema. "Huyu hajamaliza kunieleza."