Mistari Miwili Iliyomfungia Nafula Nje

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kazi pale Tororo, Afisa Kazi hakuniuliza hata jina. Alinisukumia rejista ya watafuta kazi, akasema, "Wewe naandika tu. Mambo ya kufikiri iko na wakubwa." Uhuru ulikuwa bado mbichi, nami nilihitaji kazi. Nikaandika.

Baadaye ukaja waraka, yaani agizo la serikali kwa ofisi zake: vijana waliomaliza shule wapewe nafasi za uanagenzi, wajifunze ufundi kazini chini ya fundi mkuu. Sera nzuri, hata leo siilaumu. Lakini ofisi yetu iliongeza mistari miwili yake yenyewe: mwombaji awe na cheti cha shule ya upande huu wa mpaka, tena alete barua ya baba yake. Watoto wengi wa Busia walisoma upande wa Kenya kwa sababu shule ilikuwa karibu. Nani hakulijua hilo?

Msichana aitwaye Nafula alikuja kuomba nafasi, kwa basi kutoka Buhehe, kule Busia. Baba yake alikuwa amefariki, na yeye ndiye aliyeendesha injini ya kinu cha mahindi cha mjomba wake. Siku ya mtihani, fundi mkuu aliwawekea waombaji injini ya dizeli iliyofunguliwa. Wavulana walihangaika nayo asubuhi nzima. Nafula aliifunga, akaiwasha, ikanguruma.

"Huyu nipeni hata leo," fundi akasema.

Afisa Kazi alitazama karatasi za Nafula. "Hii cheti ya Kenya. Na baba iko wapi?"

"Alifariki, bwana. Mjomba ndiye ameandika barua."

"Mimi nimesema baba." Akanigeukia. "Karani, andika: hana sifa."

Niliandika. Mkono huu huu. Nafula alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

Wiki ile nilimwandikia Kamishna wa mkoa, nikaeleza yote. Jibu lililokuja ni barua ya uhamisho wangu: Malaba, kugonga mihuri kwenye vibali vya wafanyakazi. Niligonga miaka mitatu.

Ndipo akaja Afisa Kazi mpya pale Tororo. Alikuta nakala ya barua yangu kwenye faili, akaifuta ile mistari miwili. Nilikwenda Buhehe mwenyewe kumweleza Nafula. Nilimkuta akimenya muhogo.

"Umri wa mwisho ni miaka mingapi, Bwana Karani?"

"Ishirini na mmoja."

Aliweka kisu chini. "Mimi nina ishirini na miwili." Kisha akamwita mdogo wake aliyekuwa ndani, "Ajambo! Vaa viatu, umfuate huyu mzee Tororo."

Mdogo wake alipata nafasi. Nafula hakupata kamwe.

Siku nilipostaafu, mkubwa mmoja alisimama kuusifu waraka ule. Alisema uliwainua vijana wote wa mpakani.

"Wote?" nilimkatiza. "Na wale tuliowazeesha mlangoni?"

Mkubwa yule aliketi. Akaagiza chai iletwe.